Kila Mtu Anataka Kurudi Kununua Kiwanja

Ukitaka kujua Mazimbu, hapa Morogoro, ina wahakiki wangapi wa fasihi, toka nje na kitabu kinene. Usikifungue. Kaa nacho tu kwenye benchi la kahawa. Kikombe cha kwanza hakijapoa utakuwa umeshaambiwa kwamba kitabu hicho ni kirefu mno, kwamba mwandishi wake bila shaka alilipwa kwa kilo, na kwamba mtu wa umri wako angekuwa anasoma vitu vya kumsaidia, mathalani fomu za bima. Mwaka mzima ukikaa pale mikono mitupu hakuna anayekuuliza unafanya nini. Shika kitabu, uone.

Mimi nilishika riwaya ya Mmarekani Stephen King, iliyotoka mwaka 2011, kurasa zaidi ya 800, niliyoipata kwa muuza vitabu vya mtumba Dar es Salaam kwa bei ambayo sitaitaja, kwa kuwa mke wangu naye husoma safu hii. Jina lake ni tarehe: 11/22/63. Jalada lilipoonekana tu, ugomvi ukaanza.

"Mwezi wa ishirini na mbili ndiyo upi?" aliuliza mzee mmoja mstaafu wa mambo ya ardhi, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuona karatasi isiyo na kasoro.

Nikamweleza kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi, siku ikafuata. Hiyo ni tarehe 22 Novemba 1963, siku Rais John Kennedy alipopigwa risasi Dallas.

"Kumbe hata tarehe hawajui kuiandika, na bado wanataka kusafiri ndani yake," akasema, akarudi kwenye drafti lake. Hucheza kwa vizibo vya soda, vyake chali, vya mwenzake kifudifudi. Huo ukawa uhakiki wa kwanza, na haukuhitaji kurasa 800.

Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza na benchi zima lilitaka kukitolea maoni, nikajikuta nimegeuzwa redio. Kila jioni nasimulia kipande. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa redio hawezi kumkatiza mtangazaji na kumwambia, "Hapo Mwalimu umetupiga fiksi."

Kisa ni hiki, kwa wasiokuwepo. Jake Epping ni mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa jimbo la Maine. Rafiki yake Al, mwenye mgahawa, anamwita siku moja na kumwonyesha siri iliyomo stoo: ukienda taratibu hadi nyuma, ukipapasa kwa mguu, kuna ngazi isiyoonekana. Ukiishuka unatokea mwaka 1958, tarehe 9 Septemba, saa sita mchana kasoro dakika mbili. Siku zote ni tarehe hiyohiyo na saa hiyohiyo. Kaa huko wiki, kaa miaka mitano, ukirudi stoo zimepita dakika mbili tu. Na ukishuka tena, yote uliyoyafanya safari iliyopita yamefutika, unaanza upya. Al ana saratani ya mapafu, muda umemwishia. Anamwomba Jake akae huko hadi 1963 amzuie Lee Harvey Oswald asimuue Kennedy.

Nilidhani watu wangeuliza habari za Kennedy. Si mtu wa mbali sana na sisi. Ndiye aliyempokea Mwalimu Nyerere Ikulu ya Washington Julai 1963, miezi minne kabla ya kuuawa. Wapi! Swali la kwanza lilitoka kwa mama ntilie wetu, aliyekuwa anasikiliza huku akisugua sufuria.

"Huyo Al, kabla ya kuugua, alikuwa anafuata nini huko?"

"Nyama," nikasema.

Na ni kweli. Al alikuwa anashuka 1958 kununua nyama ya kusaga kwa bei ya 1958, anapanda nayo, anauza mikate yake ya nyama kwa bei ya chini hata majirani wakaanza kumsema kwamba anawapikia watu paka. Na kwa kuwa kila safari inafuta iliyotangulia, alikuwa ananunua nyama ileile, bucha lilelile, miaka nenda miaka rudi.

Mama ntilie aliacha sufuria.

"Huyo ndiye mwanamume wa kitabu hicho. Huyo mwalimu wako wa nini?"

Tangu siku ile hataki kusikia habari za Jake. Nikianza kueleza jinsi Oswald anavyofuatiliwa nyumba hadi nyumba, ananikata: "Na Al je? Bucha alilipa taslimu au alikopa?" Kwa maoni yake mwandishi amemuua mtu wa maana mapema, akabaki na mtu wa kuzurura. Bei ya nyama ikipanda hapa mjini, ananitazama kwa jicho la kwamba ngazi ninayo mimi na ninaificha.

Nikajaribu kumtahadharisha. Nikamwambia, dada yangu, wewe ukishuka 1958 hapa Morogoro utalipa na nini? Noti yako ya elfu moja ina sura ya Mwalimu Nyerere. Septemba 1958 Tanganyika ni ya Mwingereza, noti zina picha ya Malkia Elizabeth, na Nyerere mwenyewe ndiyo kwanza ametoka mahakamani mwezi wa Agosti, amepigwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita, kwa makala iliyodaiwa kuwakashifu maofisa wa serikali. Unaingia buchani, unatoa noti yenye sura ya mtu aliyetoka kuhukumiwa mwezi uliopita, imeandikwa Benki Kuu ya Tanzania, nchi ambayo haipo. Mwenye bucha atamwita askari hata kilo hajaipima.

"Basi nitalipa kwa ile ya tembo," akasema.

Kijana wa bodaboda yeye alikuja na mkeka. Alikuwa amesikia kwamba Jake huko nyuma anaishi kwa kubeti, maana Al alimwachia daftari la matokeo ya michezo, na kwamba ushindi wake usiokosea ulimponza akapigwa nusura ya kufa na watu wa wenye kamari. "Tamaa," kijana akahukumu. "Angeweka kidogo kidogo." Yeye angeanza na ile mechi ya 1977, Simba sita Yanga bila, halafu angetulia hadi 1993 amwekee Stella ya Abidjan aje kumfunga Simba mbili nyumbani kwenye fainali ya Kombe la CAF. Kinyozi, mwana Simba wa kuzaliwa, akauliza ni binadamu wa aina gani anayeweza kusafiri kwenye wakati kwenda kubeti dhidi ya klabu yake. Kitabu siku ile hakikufunguliwa tena. Nilipokumbusha kwamba 1977 hapakuwa na kubeti kwa simu, walininyamazia kwa heshima ya mvi tu.

Lakini hao ni wapita njia. Hoja kuu ya Mazimbu, ambayo Stephen King hakuifikiria katika kurasa zote 800, ni kiwanja.

Sijui kwenu. Hapa Mji Kasoro Bahari, ukimweleza mtu habari ya kurudi nyuma, hujafika kwenye ngazi macho yameshamtoka. "Ningechukua pale Nane Nane." "Mimi Kihonda, ekari tano, mashimo na yote." "Msamvu, kabla ya stendi!" "Baba aliambiwa achukue pale Mazimbu Darajani akakataa, akasema kuna mbu." Kila ukoo Morogoro una mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekataa kiwanja. Hasemwi siku ya arobaini, lakini husemwa kila kodi ya nyumba inapokaribia. Wamarekani wana Kennedy wao, sisi tuna huyo. Ukiwapa watu wetu ngazi ya Al hakuna atakayekwenda Dallas. Kutakuwa na foleni ya watu wenye kamba na vigingi.

Nilichoka. Nikawaambia riwaya hii ni ya kusisimua, ina bunduki, ina mapenzi, ina hatima ya dunia, na nyie mnaniletea mambo ya mipaka. Ndipo yule mzee wa ardhi akasukuma drafti pembeni, jambo ambalo hakulifanya hata siku moto ulipotokea jirani.

"Nunueni," akasema. "Tuseme umeshuka 1958 na pesa halali, umepata ekari zako. Mwaka 1963 inatungwa sheria, umiliki wa kudumu kwisha, wewe ni mpangaji wa serikali. Sawa, umevumilia. 1967 Azimio la Arusha. Kama umepanda mkonge, jiandae kutaifishwa. Hukupanda mkonge, ulikuwa mjanja, umejenga nyumba ya kupangisha? 1971 zinachukuliwa zote zenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Umeona hatari, umejenga kibanda huko porini? Kuanzia 1973 ni Operesheni Vijiji, lori linakuja kukuhamisha na kuku wako. Umeponea chupuchupu, uko hapahapa Mazimbu umetulia kwenye masalia ya shamba la mkonge, hakuna anayekujua? 1977 serikali inaligawa eneo hili kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wajenge shule." Akalivuta drafti lake. "Unafika leo huna kiwanja, na umezeeka."

Kimya kikapita. Kijana wa bodaboda akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna ngazi inayotokea 1985.

"Shukuruni hiyo inatokea 1958," akadakia mzee mwingine, mtu wa Matombo kule milimani. "Ingeteleza miaka mitatu tu ungetokea 1955 ukabidhiwe jembe." Maana hiyo ndiyo miaka ambayo Mwingereza aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwenye miteremko yao, eti kuzuia mmomonyoko, hadi Julai 1955 watu wakasema basi, Matombo kukachafuka na mpango mzima ukafia hapo. Msafiri wetu, na kitambulisho chake cha taifa mfukoni, angejikuta kwenye mteremko wa Uluguru anachimba tuta la mtu asiyemjua, huku akieleza kwamba yeye amekuja kwa ajili ya kiwanja tu.

Huyu mzee wa Matombo ndiye pia aliyemaliza somo la fizikia. Kuna mwanafunzi wa kampasi, anasomea ualimu wa sayansi, kijana mwenye adabu na miwani, aliyekuja kutueleza kile wataalamu wanachokiita kitendawili cha babu: ukirudi nyuma ukamuua babu yako kabla hajaoa, wewe hutazaliwa. Usipozaliwa hutarudi kumuua. Asipouawa utazaliwa. Akatutazama, akitegemea tushangae.

"Babu yupi?" akauliza mzee wa Matombo.

"Yeyote, babu. Tuseme mzaa baba."

"Huyo si wa ukoo wako. Kwetu Uluguruni ukoo unafuata mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Babu ni mgeni aliyekuja kuoa. Huko nyuma mtu wa kumchunga asipatwe na baya ni mjomba."

"Lakini hapa tunazungumzia kuzaliwa, babu, hatuzungumzii urithi."

"Kuzaliwa bila shamba ndiyo kuzaliwa gani?"

Kijana akafuta miwani. Nadhani ameliandika mahali.

Ni huyohuyo mwanafunzi aliyenichokoza kwa upande mwingine: eti kwa nini tunahangaika na Mmarekani wakati Kiswahili kina safari zake za ajabu. Akamtaja Kezilahabi na *Nagona* yake ya 1990, Katama Mkangi na *Walenisi* ya 1995, ambamo mtu anafungiwa chomboni na kurushwa angani kwa hukumu, na Said Ahmed Mohamed na *Babu Alipofufuka* ya 2001. Benchi likaomba maelezo mafupi ya kila kimoja. *Nagona* nilijaribu kuieleza nikasimama njiani, nikawaambia mkaisome wenyewe, na walionielewa ni wale waliowahi kuisoma. *Walenisi* iliwapendeza hadi waliposikia kwamba chombo kile ni adhabu. Hakuna aliyeona umuhimu wa kulipa nauli ya kwenda kunyongwa. Lakini *Babu Alipofufuka* ilipita bila kupingwa. Humo babu mwenyewe anatoka kaburini anakuja kukutazama unavyoishi. "Hiyo nafuu," akasema mama ntilie. "Anajigharamia mwenyewe."

Nyumbani nako sikupata raha. Mke wangu, ambaye hajasoma ukurasa hata mmoja, alishika jambo moja tu katika riwaya nzima: zile dakika mbili.

"Kwa hiyo mtu anaweza kutoka hapa, akakaa huko miaka mitano, akapata na mwanamke, na mimi huku najua amekwenda kuchukua chumvi?"

Nikasema ndivyo, na Jake kweli anapata mchumba, mkutubi aitwaye Sadie, mwanamke mrefu wa kupendeza, na kwa maoni yangu kurasa zao ndizo bora kuliko zote. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. "Ila miili inazeeka," nikaongeza haraka. "Anaondoka kijana anarudi na miaka mitano zaidi."

"Ndiyo maana," akasema, akiangalia kichwa changu.

Mzaha uliisha siku kinyozi alipouliza swali lake. Mkasi ukiwa hewani, mteja nusu kichwa, akasema: haya, Wamarekani wamemchagua Kennedy. Sisi wa Moro tungemzuilia nani?

Yeye angeanza na Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, ile ajali ya gari kule Mombasa. Angekwenda kumficha gita tu, safari ingevunjika yenyewe. Watu wakakubali, na wakubwa kidogo wakaanza kuimba vibaya. Halafu mtu akasema, "Sokoine." Uimbaji ukakatika.

Tarehe 12 Aprili 1984, barabara ya Dodoma, Wami-Dakawa, mkoa huuhuu. Waziri Mkuu Edward Sokoine anarudi Dar es Salaam kutoka bungeni, gari linagongwa, anafariki. Kila mtu pale alikuwa na namna yake ya kuuzuia msafara. Mmoja angelaza gogo barabarani. Mmoja angesimama na kitambaa chekundu. Kijana wa bodaboda, ambaye mwaka ule hata mama yake alikuwa hajavunja ungo, angetoboa tairi Dodoma, jambo likaisha. Mzee wa ardhi angeandika barua.

Nikawaambia mwandishi ameliona hilo. Ndani ya riwaya yaliyopita yanajitetea. Jake akikaribia kubadilisha jambo, gari linamharibikia, tumbo linamkamata, mlango haufunguki. Jambo likiwa kubwa na upinzani unakuwa mkubwa. Na anapofaulu kumwokoa Kennedy, akapanda ngazi, anaikuta dunia ya 2011 imeharibika, matetemeko, mabomu ya nyuklia yameshatumika, watu wanaishi katika magofu. Inabidi ashuke tena afute kila kitu, na Sadie ndani yake.

"Kwa hiyo Sokoine asingefariki, chuo chetu kisingeitwa Sokoine," akasema mwanafunzi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu.

Na hapo akawa amesema kuliko alivyokusudia. Kampasi ya hapa Mazimbu ina majina mawili. Jina la chuo ni la Sokoine. Jina la kampasi ni la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa na makaburu huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, nayo shule ya wale wapigania uhuru wa ANC iliyokuwa inajengwa hapa ikapewa jina lake. Wenyewe walirudi kwao na kutukabidhi majengo 1992, wengine wao wamebaki hapa makaburini. Mtu akishuka ngazi na kufanya wema wote anaotamani kuufanya, akamtoa Mahlangu kitanzini, akausimamisha msafara Wami-Dakawa, atarudi Mazimbu akute majengo yaleyale na lango lisilo na jina. Nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Ningebaki tu kujiuliza huyo mwanafunzi wa miwani angekuwa anasoma wapi.

"Basi acheni hivyohivyo," akasema mzee wa ardhi.

"Wapi!" akasema mama ntilie. "Sokoine angekuwepo, nyama ingefika bei hii?"

Hakuna aliyemjibu, maana ni mwanamke anayekumbuka msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na ni yeye anayetupakulia.

Sasa niseme langu, kwa kuwa katika Mazimbu yote mimi ndiye niliyeisoma. Ni riwaya nzuri. Ina mafuta mengi katikati, pale Jake anapokaa kumchungulia Oswald kurasa baada ya kurasa, na mhariri mkali angepunguza mia moja pasipo mtu kugundua. Mwanzo wake unashika koo. Mwisho wake unauma, na ni wa haki. Kinachonikera ni kwamba benchi la watu wasioifungua limeihakiki vizuri kuliko nilivyotegemea, na wanajua hivyo.

Kitabu kipo nyumbani, anayekitaka aje. Aje mchana, aje na kipande cha karatasi cha kuwekea alama, maana anayekunja pembe za kurasa sitampa cha pili. Achukue muda wake. Na akimaliza, namwomba kwa heshima zote, asije kunieleza angenunua kiwanja wapi.